Plexi ndani ya sikio ya Edith

Adolphine, uko? Soma yote mbele ya kunipigia.

Natoka kwa nkambo Germaine, mama ya mama yangu, sasa hivi.

Ni mambo ya 1956. Bwana yake Stanislas alikuwa anatumika ku atelier ya kutengeneza ndege. Akakata kipande ya plexi, ile plastiki ya dirisha ya ndege, akatengenezea mutoto wabo hereni. Edith. Ndiye mama yangu!

Germaine akaichemsha juu ikuwe safi. Adolphine, aliichemsha! Ikafanya nyufa, na alipomuvalisha mutoto, ikavunjikia ndani ya nyama ya sikio.

Sikio ikavimba, mutoto akawaka moto ya homa. Ku dispensaire ya kazi ya Stanislas, infirmier mwenye kutibu watu akatafuta, akatafuta. Plexi inapitisha mwangaza kama maji, ndani ya damu haionekane.

"Mama, hakuna kitu."

"Iko! Iko ndani!"

"Kitu gani basi?"

Germaine akisema, watajua bwana yake aliiba ku kazi. Lakini mutoto alikuwa anageuza macho.

"Plexi. Ya ndege. Stanislas alileta."

Infirmier akaacha kutafuta na macho, akapapasa na sindano, akaitoa. Edith akapona. Lakini ile neno ilibakia ku fishi, karatasi ya matibabu ya mutoto, wakubwa wa kazi wakaisoma, na siku ya tatu Stanislas akafukuzwa kazi.

Germaine akamuficha bwana yake kama ni yeye alisema. Maisha yote! Stanislas alikufa akiamini ni rafiki yake wa atelier alimuchongea. Hawakusalimiana tena hata siku moja.

Rafiki yenyewe ni Adalbert. Nkambo yako mwanaume, Adolphine.

Adalbert hakumuchongea mutu. Ni wa kwetu ndiye alisema.