Koti Langu Kwenye Zulia Jekundu

Mama Marwa, mvua imeshika huko Susuni? Huku Mugumu mumeo ni mtu mkubwa. Jana filamu mpya ya mjukuu wetu Gati ilizinduliwa, wakatandika zulia jekundu mlangoni mwa ukumbi. Gati alinikodia suti. "Babu, hilo koti la viraka litaniaibisha!" Nikakataa katakata. Akatangulia amenuna, gauni linafagia chini. Mimi nikapita na fimbo yangu, kamera zote kwangu. Mtangazaji akauliza, "Mzee, fundi wako nani?"

"Mke wangu Bhoke! Kwa mkono, cherehani hana!"

Watu wakapiga makofi mpaka Gati akarudi, akanishika mkono, tukaingia pamoja.

Ubaki na afya, Bhoke wangu. Mfuko wa kushoto umeachia tena, lakini mafundi wa hapa nimewakataza wasiguse.

Mumeo, Baba Marwa