Rupia ya Shilingi Mbili

Gitothua, Ruiru
2 Februari 1955

Mpendwa mkwe wangu Makau,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mkeo Syokau. Sisi huku tu wazima, ila mguu wangu wa kushoto unaniuma kila asubuhi. Hali zenu je? Mahindi yamestahimili jua?

Anayekuletea barua hii ni binti yako Kamene, mke wa mwanangu Simeoni. Amebeba shilingi elfu moja na mia mbili. Nimeuza ng'ombe wote wawili. Chuo cha Simeoni kule Bombay kinadai rupia mia sita kabla ya mwisho wa Machi. Zisipofika, hataingia katika mtihani wa mwisho, na miaka mitatu ya ugenini itakuwa bure. Katika Hali ya Hatari hii, mimi Mkikuyu siwezi kufika benki ya Thika bila kibali cha serikali, na nimenyimwa mara mbili. Wewe Mkamba hakuna anayekusimamisha njiani. Tafadhali zitume zote.

Ni mimi mkwe wako,
Ephantus Kagwe

Thika
9 Februari 1955

Mkwe wangu Mwalimu,

Salamu zako tumezipokea. Sisi hatujambo, mahindi ndiyo hayakustahimili jua, yamekauka. Syokau anasema mguu huo ukandwe kwa maji ya chumvi, usiufokee kama mwanafunzi.

Benki nimekwenda. Karani alisema rupia moja ni shilingi moja na senti hamsini. Basi rupia mia sita ni shilingi mia tisa, nazo nimezituma. Mia tatu zilizobaki ninazo, nitakuletea mwenyewe. Ungeweza kuuza ng'ombe mmoja na nusu tu, kama nusu ingekubali kutembea hadi sokoni.

Mkwe wako,
Makau

Gitothua, Ruiru
13 Februari 1955

Bwana Makau,

Hatujambo.

Barua yako haikunipendeza. Nilifanya kazi ya reli hapo Thika nilipokuwa kijana, nikalipwa kwa rupia. Zilipoondolewa, kila rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Nilizishika kwa mikono hii, na huyo karani wako hakuwa amezaliwa. Kwa hiyo shilingi mia tisa ni rupia mia nne na hamsini. Mwanangu atafukuzwa kwa sababu uliona vema kunisahihisha.

Tena nauliza: Kamene alirudi huku mikono mitupu kwa nini? Ninajua kwamba mahari yake sijaimaliza. Kama umejilipa, sema hivyo.

E. Kagwe

Gitothua, Ruiru
4 Machi 1955

Bwana Makau,

Natumaini mu wazima. Sijapata jibu lako. Kamene aliomba ruhusa kuja kumtazama mama yake kwa siku mbili, akamchukua na mjukuu wetu Wamboi. Hawajarudi. Nyumba hii imekuwa kimya.

Mwezi unakwenda. Mia tatu hizo zitume Bombay leo.

E. Kagwe

Thika
8 Machi 1955

Mzee Kagwe,

Sisi tu wazima, na Kamene na Wamboi pia.

Anayekukabidhi barua hii ni Muasya wa kanisa letu. Anazo shilingi mia tatu. Zihesabu mbele yake. Sikumpa Kamene kwa kuwa siku ile watu walikuwa wakipekuliwa barabarani pale Witeithie, na sikutaka mwanamke peke yake akutwe na fedha nyingi. Ungeniuliza, ningekuambia.

Rupia unayoikumbuka ilikuwa ya huku kwetu, na iliisha siku ile ulipobadilishiwa. Ile ya Bombay ilikwenda njia yake, ikashuka. Lakini wewe umekwisha kuhukumu. Binti yangu hawezi kupika katika nyumba ambamo baba yake anaitwa mwizi. Atakaa hapa na mtoto wake. Na ukitaka fedha hizo ziende benki, tafuta mkwe mwingine.

Baba yake Kamene

Gitothua, Ruiru
29 Machi 1955

Mkwe wangu Makau, kama jina hilo bado ninaruhusiwa kulitumia,

Nakusalimu wewe, Syokau, Kamene na Wamboi. Mguu nimeukanda kwa chumvi.

Barua ya Simeoni imefika jana. Chuo kilipokea rupia mia tano tisini na sita. Nne zilikatwa na benki, naye Simeoni akaazima nne nyingine kwa rafiki. Amepewa namba ya mtihani. Hizo nne hukunitajia, nami nazitaja kwa kuwa ni kweli. Mengine yote uliyoyasema yalikuwa sahihi. Niliyoyaandika mimi kuhusu mahari yalikuwa mabaya, na niliyaandika nikiwa na akili timamu.

Nimepewa kibali cha Jumamosi, mwisho saa kumi jioni. Mia tatu ziko hapa, sitazileta, usije ukadhani nanunua msamaha. Nitakuja nikuambie mbele ya mkeo na binti yako kwamba nilikukosea. Ukiamua wasirudi nami, nitaondoka peke yangu, wala sitabisha.

Ephantus Kagwe

Thika
1 Aprili 1955

Mwalimu,

Njoo. Wamboi ameambiwa kwamba babu yake anakuja, anauliza kama utakuja na ng'ombe. Sisi hatukumwambia kitu. Hilo utamweleza wewe.

Tangu asubuhi nitakuwa nimesimama Witeithie, ili askari wakikuchelewesha waone kwamba una mwenyeji. Saa zako ni chache. Usizimalize mlangoni kwa salamu na hotuba. Kamene amekwisha kufunga mzigo.

Mkwe wako,
Makau