Maelezo ya Fundi Kuhusu Kompyuta Nzito ya Nesi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Mtaani anaitwa Mama Bisibisi.
Umri: Miaka 46
Jinsia: Mwanamke
Kazi: Fundi wa kompyuta na printa
Makazi: Nyumba za nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa pili kutoka bombani
Yameandikwa: Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa 9:40 alasiri

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimeelewa.

Kazi hii ya ufundi nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Duka langu ni dogo, lina meza moja, kaunta na kiti cha mteja.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Juni, saa 3:20 asubuhi, alikuja dada mmoja amevaa sare za unesi. Nilikuwa simfahamu. Alikuwa na kompyuta mpakato ya zamani, nyeusi, bawaba moja imefungwa kwa utepe wa gundi. Aliniambia, "Fundi, huyu mzee wangu nikimwasha naenda kuoga, nikirudi bado anajinyoosha." Tulicheka. Akasema anasoma shahada kwa masafa na Jumatatu ana mtihani wa mtandaoni, na mashine ikiganda katikati ya mtihani amekwisha.

Niliiwasha mbele yake. Ilichukua dakika saba. Nilimweleza kwamba ina kumbukumbu ya giga nne tu, na programu za siku hizi zinaimeza yote kabla hajafungua hata ukurasa mmoja. Nikamshauri tuweke giga nane. Alikubali, akaandika namba yake ya simu kwenye stakabadhi, akaniuliza kama itakuwa tayari kesho. Nikamwambia bila shaka.

Jumatano tarehe 12, saa 4 asubuhi, nilifanya ile kazi. Nilitoa betri, nikafungua skrubu kumi na moja, nikapuliza vumbi. Kipande cha kumbukumbu cha zamani nilikitoa, kipya nikakichomeka mpaka vishikizo vya pembeni vikalia. Nikafunga na kuiwasha. Dakika tatu na nusu. Diski yake ni ya zamani, kwa hiyo sikutegemea miujiza, lakini hata hivyo ilikuwa nzito kuliko inavyostahili. Nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi nione ni ipi inayokula kumbukumbu.

Moja ilikuwa na jina kama la programu ya printa. Ila yule dada hakuwa na printa yoyote kwenye mashine ile. Nilipoichimba nikakuta ni programu ya upelelezi. Kila nusu dakika ilipiga picha ya kioo, ikaandika kila herufi aliyobonyeza, na kutuma vyote kwenye anwani fulani ya barua pepe. Iliwekwa tarehe 9 Machi. Nilipiga picha tatu kwa simu yangu, nazo nimezikabidhi hapa.

Sasa nasema jambo ambalo ndilo lililonileta.

Saa 5:10 asubuhi nilipiga ile namba aliyoniachia. Alipokea mwanamume. Alisema yeye ni mumewe, mkewe yuko kazini na simu ameisahau nyumbani. Alikuwa na sauti ya upole. Mimi nilikuwa nimejiona mjanja kwa nilichokigundua, na mdomo wangu ukatangulia akili. Nikamwambia, "Shemeji, kuna mtu anampeleleza mkeo. Kuna programu imefichwa humu, inatuma kila anachoandika."

 

Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

Nikamjibu sijamwambia mtu. Akasema, "Basi usimwambie, atashtuka bure. Mimi ni mpima ardhi, haya mambo ya kompyuta nayaelewa. Nitamweleza mwenyewe taratibu." Nikasema sawa. Ndiyo, afande, nilimwambia sawa.

Baada ya kukata simu nilirudi kuitazama ile anwani. Inaanza na neno "mpimaardhi", halafu tarakimu nne. Nililinganisha. Zilikuwa tarakimu nne za mwisho za namba ya yule dada, ile niliyoipiga muda huo huo. Nikakaa kwenye kiti cha mteja.

Sikujua zahanati anayofanyia kazi. Ningeweza kuuliza. Zahanati za hapa hazizidi tatu. Nilijiambia nitangoja aje mwenyewe nimweleze ana kwa ana.

Saa 9:15 alasiri walikuja wote wawili. Yule dada bado alikuwa na sare, maana yake mumewe alimfuata kazini. Mume ni mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri. Alinisalimia kwa heshima na kuweka stakabadhi kwenye kaunta. Mkewe alisimama nyuma yake, macho chini.

Nilisema, "Dada, naomba tuongee kidogo kuhusu mashine yako."

Mume akajibu yeye. "Ongea tu, mama. Sisi hatufichani."

Nilimtazama dada. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpe tu, fundi."

Mume aliiwasha pale pale kwenye kaunta. Tulisimama watatu tukikitazama kioo. Ilipowaka akamgeukia mkewe na kusema, "Umeona? Sasa inakwenda." Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yangu. Sikuandika kitu. Wakaondoka.

Ijumaa tarehe 14, saa 2:30 asubuhi, mfanyakazi mwenzake wa zahanati alikuja dukani kuuliza kama mashine bado iko kwangu. Ndiye aliyenieleza kwamba yule dada amelazwa hospitali tangu Jumatano jioni, taya limevunjika na mkono wa kulia umevunjika. Kwenye karatasi za hospitali imeandikwa aliteleza bafuni. Aliyetoa maelezo hayo ni mumewe, na tangu hapo haondoki pembeni ya kitanda. Daktari akiuliza, anayejibu ni yeye.

Alipoondoka nilifunga duka, na jana hiyo sikulifungua tena.

Leo saa 7 mchana nilikwenda wodini. Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka nikamwona mume anatoka kwenda kula. Nikaingia. Uso wa yule dada ulikuwa umevimba, taya limefungwa kwa waya. Hawezi kusema. Alinitambua. Aliomba kalamu kwa ishara, nikampa, nikashika karatasi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala: "Alijuaje kwamba umeiona ile programu?"

Nilikuwa na muda wa kutunga jambo lingine. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilipiga simu, akapokea, nikamweleza yote."

Alifumba macho. Nilingoja. Sikuomba radhi, kwa sababu ningekuwa namlazimisha anijibu. Chozi lilimtoka upande mmoja likaingia sikioni, na mkono wake mzima ulikuwa bado umeshika kalamu, kwa hiyo nililifuta mimi, naye hakunizuia.

Baadaye akaivuta karatasi. Aliandika polepole sana: "Sikuteleza. Nenda polisi kawaambie hivyo hivyo, kabla hajarudi."

Nikatoka nikaja moja kwa moja. Karatasi hiyo nimeikabidhi pamoja na zile picha.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda mwenyewe. Nimesomewa yote na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya askari: Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Nimepokea picha tatu na karatasi moja yenye mwandiko wa mgonjwa. Nilimweleza shahidi kwamba sehemu ya mazungumzo ya simu inaweza kufupishwa, kwa kuwa yeye si mtuhumiwa. Alikataa, akataka iachwe kama alivyoitamka. Saa 10:25 askari wawili, mmoja wa kike, wametumwa wodini wakachukue maelezo ya mgonjwa kwa maandishi, mumewe akiwa nje ya chumba.