Wali Uliolegeza Miguu ya Kasereka

Butembo, hapa Bulengera, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote nauliza goti lako. Bado linakuuma asubuhi, au ile dawa ya majani imelituliza? Nawe Godé, mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali pa huzuni, nakujua. Mimi mwili ni mzima. Barua yenu ya mwisho ilinifikia kabla vita havijakata njia ya Kindu, na tangu hapo nimewaandikia mara tano. Sijui kama hata moja imefika nyumbani. Hii nampa mfanyabiashara mmoja anayezungukia Uganda, mtu wa kusali, labda yeye atafika.

Unakumbuka, Mama, siku nilipokuja kufundisha huku ulisema, "Kila siku ya Mungu nitakuwekea sahani yako." Nilicheka siku ile. Sasa sicheki.

Habari ninayotaka kukupa ni ya mpira. Najua utasema, mwalimu mzima! Lakini subiri. Hapa mtaani timu ina desturi yake: kila mchezaji ana nyumba ya kumlisha Jumamosi, siku moja kabla ya mechi. Akicheza vizuri, nyumba ile inasifiwa. Akicheza vibaya, wanauliza alikula nini. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa mdomo wa kulisha. Walinipa Kasereka, mshambuliaji wetu, mwanaume mrefu mwenye sauti ndogo. Nilikubali upesi hata kabla hawajamaliza kuuliza. Siku sita za juma nakula peke yangu nikitazama ukuta, Mama, na ukuta hausemi chumvi imezidi.

Sasa mimi ni mtu wa Maniema, napika nini? Wali. Wenyeji wa hapa wanakula fufu ya muhogo. Wali kwao ni chakula cha sikukuu. Kasereka alikula bila kulalamika, akakwangua hata ukoko wa chini ya sufuria kama mtoto wa kwetu. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Jumamosi ikawa ndiyo siku yangu.

Taabu ni kwamba alikuwa hafungi. Mechi ya kwanza, bure. Ya pili, mpira umefika mguuni, kipa ameanguka, yeye anatazama barabarani! Mashabiki walimnyonyoa kama kuku. Mkubwa wao ni Mama Kavira, anayeuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, karibu na kiwanja. Sauti yake inaweza kuita watu misa bila kengele. Alinisimamisha mbele ya watu wote:

"Mwalimu, ule mutu unamulishaka nini? Muchele? Lakini muchele ni chakula ya bagonjwa! Mutu wa kukimbia anakulaka fufu!"

Tangu siku ile nikawa Mwalimu Muchele. Hata wanafunzi wangu wananiita hivyo nikigeukia ubao.

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza Kasereka kwa upole, kuna nini? Akaweka kijiko chini. Mke wake, Masika, alikwenda kumzika baba yake huko mbele ya Kanyabayonga, na vita vikafunga njia nyuma yake. Ni miezi saba sasa. Malori machache yanayopenya kutoka upande ule, mengi yanafika Jumapili mchana, na yanapita kandokando ya kiwanja chetu. Kila likipita, Kasereka anatazama nani anashuka.

"Mwalimu, usiambie batu," alisema. "Bakinitukana, niko nakimbia tu. Bakinionea huruma, nitakaa chini."

Nikamwahidi. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa maana nami nayatazama malori yale, ingawa hakuna hata moja linalotoka kwenu.

Ndipo tukaenda Beni kucheza na timu ya Bungulu. Tulijazana kwenye lori la mbao, wachezaji na mashabiki, tukaimba njia nzima. Kule hakukuwa na barabara ya kutazama, nikasema leo atafunga. Kumbe ilikuwa vibaya zaidi. Alizunguka kiwanjani kama mtu aliyesahau ufunguo, kwa sababu, aliniambia baadaye, alikuwa anawaza: na Masika akishuka leo Butembo, mimi sipo? Tulifungwa matatu kwa sifuri.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba. Kijana mmoja akasema, "Bungulu balimununua huyu." Wengine wakaitika. Mama, siku hizi neno la namna hiyo si la mpira tu. Mtu akishaitwa msaliti mtaani, linaweza kufika masikioni mwa wenye bunduki, na hao hawaulizi ni usaliti wa mpira au wa nini. Kasereka alikuwa ameinama, hajitetei. Nami niliujua ukweli na nilikuwa nimeapa kunyamaza.

Nikasimama katikati ya lori, nikashika kamba.

"Jamani, kosa ni langu. Ni wali. Tena jana niliupika maji mengi, ukawa uji. Mtu huyu amecheza na njaa!"

Halafu Mama Kavira akapasuka kicheko, na lori zima likacheka, hata dereva. "Nilisema mimi! Muchele inalegeza miguu!" Akafuta machozi. "Basi, Kasereka, kuanzia leo utakulaka kwangu. Na kwa Mwalimu tutaweka arbitre, ule wa filimbi, naye alegee!"

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimemwokoa, na papo hapo nilikuwa nimetoa Jumamosi yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo sikulipigia hesabu nilipokuwa nasimama.

Juma hili, Jumatano, Kasereka alinigongea mlango. Alishika mikono yangu yote miwili akaitikisa, mwishowe likatoka neno moja: "Alishuka." Masika amefika, amekonda, lakini mzima. Nikamvuta aingie, akasema, "Ananingojea, Mwalimu," akaenda karibu anakimbia.

Leo Bungulu walikuja kwetu. Kasereka amefunga mawili. Lori limepita, hakuligeukia. Mama Kavira alipanda juu ya benchi akipiga kelele, "Munaona? Ni fufu yangu!" Watu wakanigeukia kunizomea kwa furaha, Mwalimu Muchele, Mwalimu Muchele, nami nikainua mikono kukubali makosa. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Furaha yangu ilikuwa ya kweli, Mama, usidhani vinginevyo. Ila nilitembea kurudi nyumbani peke yangu.

Msalimie shangazi mshonaji, mwambie shati lake bado nalivaa shuleni. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na mtoto wao ambaye simjui sura. Na katekista wetu, aniombee njia ifunguke.

Jana mchana nilipika wali. Mkono ulipima wenyewe vikombe viwili, nikagundua sufuria ikishachemka. Nikapakua sahani ya pili, nikaiweka upande wake, nikala nikiitazama. Ndipo nikajua unavyokaa pale mezani kila siku ya Mungu. Mama, kama vinywa ni vingi na chakula ni kidogo, sahani yangu wagawie wanaokula. Lakini kwanza iache mbele yako kidogo, mpaka mvuke uishe.

Mwanao,
Faustin, Mwalimu Muchele