Mtani Aliyelala Kaburini

Mjukuu wangu Shija,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila karanga amevuna mwenyewe.

Umeniuliza uende kuishi Dar es Salaam au Mwanza. Enzi za Mwingereza niliishi kote. Mwanza nilikuwa kama nyumbani: Wasukuma ni ndugu zetu, nilikula nikashiba, na Kinyamwezi changu walikielewa. Dar sikuwa na mtu ila kaka yangu Petro, kuli wa bandarini, naye akafia huko. Habari za ugonjwa wake tuziache.

Siku ya kumzika, mfiwa nilikuwa peke yangu. Wachimba kaburi walikuwa Wazaramo, watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani. Kaburi lilipokwisha, mmoja wao akalala ndani yake.

"Sitoki," akasema. "Siwezi kumfukia Mnyamwezi nisiyemjua. Mama yake nani?"

Tangu Petro afariki nilikuwa sijasema neno. Nikamtaja mama. Akauliza tena, nikaeleza Petro alivyoimba kanisani, na alivyoogopa mbwa. Watu wakacheka, mimi nikalia. Ndipo yule mtani akainuka humo humo kaburini, akampokea kaka yangu kwa mikono yake.

Basi mji ulio bora sikuchagulii. Popote utakapokwenda, niandikie siku mtu wa huko atakapokuuliza mama yako anaitwa nani.

Babu yako,
Kijijini Kwihara