Pima ya Tano

Ha'ano, 2 Agosti 1991

Mwanangu Lesieli,

Salamu nyingi. Huku kisiwani hatujambo, mimi mzima kabisa, hofu ni kwako tu huko Nuku'alofa na vitabu vyako.

Nyumba ya shangazi yako Fusi nimeisimamisha nguzo. Sasa aibu: mabati yamekaa sawa upande mmoja, upande wa pili nguzo zimekimbia shibiri nzima. Shangazi kaja, kazunguka mara mbili, kasema, "Mosese, hii nyumba imekunywa kava ikalewa?" Nami dada yangu simjibu, unajua.

Nimejenga makanisa mawili hivyohivyo: pima tatu upande mmoja, nne upande wa pili, tano pembe kwa pembe, na kona inakaa. Wewe unayesomea mambo hayo, nieleze nimekosea wapi.

Baba yako

Nuku'alofa, 15 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo ila usingizi sina. Mtihani ni tarehe 9 Oktoba, na hesabu ndizo zilizoniangusha mwaka jana.

Maneno ya shangazi yamenichekesha bweni zima likaniangalia. Lakini tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, hapo hakuna ujanja. Basi moja kati ya pima zako si yenyewe. Ulipimia nini? Na shibiri hiyo kwa rula ni sentimita ngapi?

Mbona mwandiko wako umelala hivi? Uliandikia gotini?

Binti yako

Ha'ano, 29 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ni sentimita ishirini na tano. Tatu na nne nilipimia kamba yangu ya zamani, ile niliyoifunga fundo kila pima moja ya mikono yangu ukiwa mdogo. Kipande cha mwisho shangazi alikikata akamfungia nguruwe, basi zile tano za pembe kwa pembe nikazipima zote kwa mikono, nimeitanua. Mwandiko ni kalamu mbaya. Soma.

Baba yako

Nuku'alofa, 11 Septemba

Baba,

Leo siulizi afya kwa mazoea. Tangu juzi situlii, sili.

Pima yako ni mita 1.8. Nilikupima mwenyewe mlangoni, mikono umeitanua, nikiwa darasa la sita. Kwa hiyo upande mfupi ni mita 5.4, mrefu 7.2. Kutoka nguzo iliyokimbia nikashusha mstari wima, nikapata pembetatu mbili. Ya kwanza, 5.4 na 0.25, ikanipa kimo. Ya pili, kimo hicho na 6.95 iliyobaki upande mrefu, ikanipa pembe kwa pembe: mraba wake 77.4. Ilitakiwa 81.

Pima uliyotumia nikaiita x. Tano x kwa mraba ni 77.4, basi x ni mita 1.76. Nimerudia mara nne.

Kamba ni ya mikono yako ya zamani, baba. Mikono ya sasa imepungua sentimita nne. Mkono gani haunyooki? Tangu lini? Ukiniandikia tena kwamba wewe mzima, napanda meli ya kwanza na mtihani uende zake.

Binti yako

Ha'ano, 24 Septemba

Lesieli,

Mimi si mzima.

Ni mkono wa kushoto, tangu Aprili; hata karatasi haushiki, ndiyo maana mwandiko umelala. Nilianguka shambani kwenye viazi vikuu. Mdomo ulipinda wiki mbili ukarudi, kiwiko kikagoma. Nilimwomba shangazi asikuandikie, na kwa mara ya kwanza maishani dada yangu akanisikiliza. Niliogopa utaacha shule. Na mimi mwenyewe nilijidanganya. Nilitanua mikono nikasema ni ileile.

Barua yako nimeisoma nikalia, kwa aibu na kwa kujivuna pia. Nilimsomea shangazi. Akasema, "Mtoto kamwona baba yake kwa rula, na mimi ninayempikia nilidhani kapona, kabaki mvivu tu."

Usipande meli. Fanya mtihani kwanza, hayo ni maneno ya shangazi, na shangazi hapingwi. Nguzo zilizokimbia nimezing'oa, mashimo yako wazi yanakungoja. Nimepata kamba mpya, haina fundo hata moja. Tatu, nne na tano, zote utapima wewe kwa mikono yako. Mimi nitashika ncha kwa mkono wa kulia.

Baba yako