Karatasi Zisizo na Vichwa

Bismillahi.

Bibi yangu,

Shikamoo. Ni mimi Raya, mjukuu wako uliyekuwa ukimwita Mkono Mrefu kwa kugusa visivyo vyake. Leo nimepumua, Bibi. Nimekaa kitako kwenye mkeka wako, mlango uko wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili naweza kulitaja jina lako bila ya hofu. Ndiyo nikasema nikuandikie, maana kisa chenyewe ni chako zaidi kuliko changu.

Kwanza habari za nyumbani. Miezi saba tangu ututoke, tetea wako mweusi amekataa banda. Anataga chini ya kitanda chako, na Mama ameshindwa naye. Mama akipika mchuzi wa pweza husahau ndimu, halafu husema wewe ndiye uliyekuwa ukimkumbusha. Mimi nimeingia kidato cha pili.

Sasa kisa. Skuli tulipewa kazi ya mikono: kila mmoja atengeneze kitu cha kutumika nyumbani kwa karatasi na vitu vilivyotupwa, na siku ya wazazi vyote viwekwe mezani. Wenzangu walikimbilia maua ya chupa za plastiki na fremu za maboksi. Mimi nikataka kusuka kawa. Kawa la karatasi, lakini kawa kweli, la kufunikia sinia, kama yale ya ukindu uliyokuwa ukiyasuka barazani huku unasomesha chuo cha Kurani. Macho yako kwenye ukili, masikio kwetu, na aliyekosea aya ukimwambia tu, "Rudi nyuma."

Karatasi nitapata wapi? Nikakumbuka gunia lako la darini. Siku zako za mwisho ulirudia neno moja: "Gunia langu msilitie moto, ipo siku litafaa." Mama alidhani ni maneno ya homa. Nikapanda, nikaliteremsha. Ndani mlikuwa na karatasi za madaftari ya zamani, nzito, nzuri kwa kusuka. Lakini zote fupi, Bibi! Hata moja haikuwa na urefu wake kamili. Na nyengine zina matundu katikati, madogo, ya pembe nne. Nikawatukana panya mpaka nikawategea mtego kwa kichwa cha dagaa. Aliyenasa ni tetea wako, ukucha mmoja. Nisamehe na hilo.

Nikakata, nikakunja, nikasuka ukili, nikaushona kwa nyuzi za polo la mchele, na juu nikatia kizibo cha chupa kiwe kishikio. Siku kumi na moja. Lilipokamilika nililifunika juu ya sahani tupu, nikaliinua, nikalifunika tena, nikicheka peke yangu.

Mama ndiye aliyeokota kipande kilichoanguka mkekani. Akakitazama, akabadilika uso. "Raya weye! N'nini hichi ulichokikata?" Herufi za Kiarabu. Mwandiko wako.

Ulitufunza wewe mwenyewe kwamba karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haikanyagwi wala haitupwi. Ukiiona njiani unaiokota na kuiweka juu. Na mimi nimezitia mkasi karatasi za gunia lako. Sikudanganyi, Bibi: zile herufi niliziona. Niliziona tangu siku ya kwanza. Nilijaribu kuzisoma zikanishinda, nikajiambia ni mambo yako tu ya zamani, nikaendelea kukata kwa sababu karatasi zilikuwa nzuri.

Kawa likafungwa kwenye kanga likawekwa juu ya kabati. Hakuna aliyethubutu kulitumia wala kulitupa. Skuli nikamwambia mwalimu sijamaliza. Kila nikitia udhu naitazama mikono yangu naiona michafu. Nilifika pahala nikapita mbali na kaburi lako, nazunguka njia ya mashambani, kwa kuona haya. Nilikuwa na hakika umenigeuzia uso.

Ijumaa akaja Ami Faki kutoka Wete. Mama alimsimulia kwa sauti ya msiba. Ami akavaa miwani, akatandaza vipande vilivyobaki, akasoma. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Umeandika: "Leo Faki kaaga kenda chooni, hajarudi." Kumbe ni daftari lako la chuo! Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mbio usio na irabu. Ndiyo maana mimi niliyezoea msahafu haukunisomeka. Nani kaja, nani kalala, nani kaleta kuni.

Mama hakutulia. Alisema Bi Mkubwa, yaani wewe, haandiki hata kikaratasi cha kununulia chumvi bila ya bismillahi juu. Hapo Ami akaacha kucheka. Akachukua karatasi nzima zilizobaki guniani, akawa anazigeuza. Hii haina kichwa. Hii haina kichwa. Akafika kwenye yenye tundu, akaiinua kwenye mwanga. "Panya gani huyu, kakata kwa nkasi?" Akasoma majina: Faki, Omar, Hamad, tundu, Kombo. Hapo hapo akajua aliyekata ni wewe. Kati ya Hamad na Kombo, miaka yote ya chuo, alikaa Abdalla, jirani yetu, ambaye jina lake lina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake.

Tukafungua kasha lako kuvitafuta vipande ulivyovikata. Chini ya nguo mna kopo la maziwa ya unga, ndani yake kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa vichwa vyote vya karatasi, bismillahi juu ya bismillahi, na kina Abdalla wadogo kama kucha. Na mkasi wako. Bibi, nililia kwa sauti. Si kwa huzuni. Ni kama mtu amenitua mzigo wa kuni kichwani. Ulikuwa umeshanisafishia njia kabla sijajua kama nitaipita.

Asubuhi yake tulivizika vile vichwa na yale majina kando ya ukuta wa msikiti, pasipokanyagwa na mtu. Mzee Abdalla mwenyewe alichimba shimo, akasema hajapata kuona mtu akizikwa mara nyingi hivi na bado ana njaa.

Siku ya wazazi Mama alikuja na sinia ya vitumbua. Akaiweka mezani, akalitoa kawa langu kwenye kanga, akaifunika mbele ya watu wote. Mimi nilitosheka.

Jana nilipita njia ya kaburini, nikakusomea Fatiha, nikakaa. Lala salama, Bibi. Mungu akufanyie wepesi na akupe nuru. Ahadi yangu ni hii: sitatia mkasi nisichoweza kukisoma. Ami Faki ameanza kunifunza mwandiko wako, na karatasi zilizobaki nitazisoma zote kwanza ndipo nisuke.

Na barua hii nikiimaliza nitaikata juu. Bismillahi yake nitaitia kwenye kopo lako, na jina la Mzee Abdalla kila nilipolitaja, na la Mwenyezi Mungu. Karatasi zake zitakazobaki zitaingia kwenye kawa la pili. Kwa hivyo ikikufikia haina kichwa na ina matundu katikati, usiwatukane panya.

Mjukuu wako,
Raya